Maswali na majibu: lumeni, luksi na kandela

Barua kuhusu vipimo vya mwanga zimekuwa nyingi, na karibu zote zinauliza jambo moja: tuzidishe kwa ngapi, au tugawanye kwa ngapi? Mara nyingine jibu ni namba moja tu. Mara nyingine namba hiyo haipo, na msomaji anastahili kuelezwa kwa nini haipo.

Kijitabu cha ufugaji cha Marekani kinasema kuku wa mayai wapate mwanga wa futi-kandela 1, lakini kipimo changu kinasoma luksi. Nibadilishe vipi? (Mfugaji, Kibaha)

Zidisha kwa 10.76. Lumeni huhesabu mwanga wote unaotoka kwenye taa. Luksi 1 ni lumeni 1 iliyotandazwa juu ya mita moja ya mraba, na futi-kandela 1 ni lumeni hiyohiyo iliyotandazwa juu ya futi moja ya mraba. Kwa kuwa mita moja ya mraba ina futi za mraba 10.76, mwanga uliobanwa kwenye futi moja huwa mkali mara 10.76. Kwa matumizi ya bandani unaweza kuzidisha kwa 10 bila wasiwasi, kwani kosa la asilimia 7 ni dogo kuliko tofauti iliyopo kati ya chini ya balbu na kona ya banda. Kinachoharibu vipimo vingi ni mahali pa kupimia: kishike kipimo usawa wa kichwa cha kuku, uso wake ukitazama juu, kisha urudie penye kivuli cha vihori na kwenye safu ya chini ya vizimba.

Jina la kipimo hicho lina historia yake. Futi-kandela 1 ni mwanga unaopokelewa kutoka kwa mshumaa mmoja ulio umbali wa futi moja. Mshumaa wa kupimia wa Uingereza, uliowekwa na sheria ya gesi ya London ya mwaka 1860, ulitengenezwa kwa nta ya nyangumi na ulipaswa kuungua gramu 7.8 hivi kwa saa. Ufaransa ilikuwa na taa yake ya mafuta na Ujerumani taa yake, na hazikulingana. Ndiyo maana mwaka 1948 mataifa yalikubaliana juu ya kandela, kipimo cha ukali wa mwanga unaoelekea upande mmoja, ambayo bado inakaribia sana mwanga wa mshumaa mmoja wa kawaida.

Balbu yangu imeandikwa lumeni 800. Je, hizo ni luksi ngapi? (Mwanafunzi, Morogoro)

Hapa hakuna namba moja. Lumeni huhesabu mwanga wote unaotoka kwenye balbu, ilhali luksi huhesabu unaotua mahali fulani, kama vile maji yanayotoka bombani yalivyo tofauti na kina cha maji kwenye beseni. Chumba cha mita 3 kwa 4 kina mita za mraba 12, kwa hiyo hata kama hakuna kilichopotea, lumeni 800 zingetoa luksi 67 kwa wastani. Kuta zenye rangi nyeusi na dari lisilopakwa rangi huzipunguza zaidi. Ofisini, meza ya kusomea na kuandikia hutakiwa kupata luksi 500. Kabla ya kununua balbu kubwa zaidi, isogeze hiyo uliyo nayo: umbali ukipungua kwa nusu, mwanga unaokuja moja kwa moja kutoka kwenye balbu huongezeka mara nne.

Nitajuaje kama lumeni zilizoandikwa kwenye boksi ni za kweli, nami sina kipimo? (Fundi umeme, Mombasa)

Swali hili nalipenda, kwa sababu jibu lake linahitaji karatasi nyeupe na tone la mafuta ya kupikia tu. Dondosha tone katikati ya karatasi, uifute, kisha uisimamishe ndani ya chumba chenye giza, mshumaa ukiwa upande mmoja na balbu upande wa pili. Ukitazama upande wenye mwanga mkali zaidi, doa la mafuta linaonekana jeusi. Upande hafifu linaonekana jeupe. Sogeza balbu polepole mpaka doa lifichike: hapo pande zote mbili zinapata mwanga sawa. Mkemia Robert Bunsen alitumia doa kama hilo katika karne ya 19.

Tuseme doa limefichika mshumaa ukiwa sentimita 30 na balbu sentimita 240 kutoka kwenye karatasi. Balbu iko mbali mara 8, na 8 mara 8 ni 64, hivyo ina ukali wa mishumaa 64, yaani inatoa kandela 64 hivi kuelekea upande huo. Kama inamwaga mwanga sawasawa pande zote, zidisha kwa 12.57 upate lumeni 804. Balbu za LED humwaga mwanga kidogo sana upande wa kitako, na mishumaa nayo hailingani, kwa hiyo usimshutumu muuza duka kwa tofauti ndogo; lakini boksi likisema 800 nawe ukapata 300, kuna tatizo.

Tochi moja imeandikwa kandela 20,000, nyingine lumeni 500. Ipi ni kali zaidi? (Mlinzi, Nakuru)

Huenda zinatoa mwanga uleule. Lumeni 500 zikikusanywa kwenye mwale wa nyuzi 10 hutoa karibu kandela 21,000, lakini zikitawanywa kwa nyuzi 60 hutoa takriban kandela 600 tu. Watengenezaji huhesabu kwamba tochi inafika pale mwanga wake unapobaki luksi 0.25, kiasi cha mbalamwezi ya mwezi mpevu. Kwa hesabu hiyo mwale wa kwanza unafika mita 290 hivi na wa pili hauvuki mita 50. Kwa kuangaza uzio wa mbali, tazama kandela. Kwa kutembea uani, tazama lumeni.

Je, niti za skrini ya simu ni kandela ngapi kwa mita ya mraba? (Msomaji, Kampala)

Ni sawasawa: niti 1 ni kandela 1 kwa mita ya mraba. Niti ni jina fupi la kipimo hichohicho.

Programu ya simu inaonyesha luksi 90,000 juani. Naweza kuzigeuza kuwa wati kwa ajili ya paneli ya sola? (Msomaji, Dodoma)

Kwa jua, ndiyo, kwa makadirio: gawanya kwa 120, upate wati 750 kwa kila mita ya mraba. Usitumie namba hiyo kwa taa. Luksi hupima mwanga kadiri jicho la binadamu linavyouona, na jicho huona kijani vizuri kuliko rangi nyingine. Wati 1 ya mwanga wa kijani ni lumeni 683, ilhali wati 1 ya miali isiyoonekana iliyo chini ya wekundu (infraredi) ni lumeni sifuri, ingawa paneli huigeuza sehemu yake kuwa umeme. Pima pia kwa kuilaza simu juu ya paneli, katika mwinamo uleule, kwa sababu simu iliyoelekezwa juani moja kwa moja itaisifia paneli kuliko inavyostahili.