Sikukuu za huku Mbeya na familia: fuata mvua na mavuno

Ndugu mleta uzi, umesema umehamia Mbeya kikazi kutoka Dar, una mke, watoto wawili wa shule ya msingi, na unaishi na mama yako mzazi aliyetoka Lindi. Umeuliza huku watu wanasherehekea nini na familia maana hakuna pwani ya kukimbilia sikukuu. Umeuliza pia kama maonesho ya wakulima ya Nane Nane ni mahali pa kumpeleka mama na watoto au ni vumbi na makelele tu. Mimi ni mzaliwa wa Rungwe, nimeolewa na Mhehe wa Iringa, na watoto wetu tunawalea hapa hapa Mbeya mjini. Nimeona waliotangulia kukujibu wamekutajia baa na hoteli, na mimi naomba nikujibu kama mama wa familia.

Huku sherehe zinakwenda na shamba. Mvua zinaanza Novemba, zinapungua Aprili kuelekea Mei, ingawa kwetu Rungwe mvua haina adabu ya kalenda, inanyesha inapotaka. Mei hadi Julai ni mavuno, na baridi inakuwa kali. Ikifika Agosti mahindi yako ndani, barabara za vijijini zimekauka, na watu wana pesa kidogo mkononi. Ukiujua mzunguko huo utajua pia kila sikukuu ina chakula gani, njia gani inapitika, na nani atakuwa na nafasi ya kukupokea.

Nane Nane inafaa, tena inafaa sana, ila usiende tarehe 8. Maonesho yanaanza tarehe 1 Agosti kwenye viwanja vya John Mwakangale, na tarehe 8 ndiyo kilele. Siku hiyo ni mapumziko ya kitaifa, mkoa mzima unamiminika, kuna hotuba, kuna msafara wa viongozi, na barabara kuu ya kwenda Uyole inasimama. Mwaka 2022 na 2023 kilele cha kitaifa kilifanyika hapa hapa Mbeya na Rais Samia alikuwepo, na umati ule haukuwa wa kumtembeza mzee wala mtoto mdogo. Tangu 2024 kitaifa kilihamia Dodoma, lakini ya kanda yetu yanaendelea, na tarehe 8 bado ni ya kubanana. Nenda tarehe 2, 3 au 4, au Jumamosi yoyote inayoangukia katikati kama watoto wako shule. Siku hizo wataalamu kwenye mabanda bado wana sauti, wana muda, na wanafurahi kuulizwa. Ikifika tarehe 8 maskini wameshaeleza jambo lile lile mpaka koo limekauka.

Fika asubuhi na makoti. Agosti ya Mbeya asubuhi inauma, mchana jua linawaka, na alasiri upepo unanyanyua vumbi. Kwa hiyo mtoto avae nguo moja juu ya nyingine za kupunguza jua likiwaka, mama abebe kitenge cha kujifunika, na ikifika saa tisa muwe mnaelekea nyumbani. Anzeni na vipando kabla jua halijapanda. Ni mashamba madogo madogo yaliyolimwa ndani ya uwanja na kumwagiliwa miezi kadhaa kabla, ili Agosti, wakati huku nje kote kumekauka, pale ukute mahindi ya kijani, viazi, maharage, ngano, mboga za kila namna. Mtoto aliyezaliwa mjini anauona mmea mzima wa chakula anachokila kila siku, kuanzia mzizi.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi zinapita haraka kwenda kwenye bembea. Mwacheni mzee aongoze. Mama mkwe wangu amelima viazi maisha yake yote. Tulipofika kwenye kipando cha viazi alichuchumaa, akafukua udongo kwa kidole mpaka akakiona kiazi, akakifukia tena vizuri, kisha akamwuliza kijana wa utafiti, "Mwanangu, mbona matuta mmeyatupa mbali hivi? Ardhi mnayo ya kuchezea?" Kijana akamwamkia kwanza, ndipo akaeleza: sentimita 75 kutoka tuta hadi tuta, 30 kutoka shina hadi shina, kiazi kipate nafasi ya kunenepa na udongo wa kuinulia uwepo. Bibi akabisha. Akasema kwao walibananisha na walikula. Kijana akamwuliza vilikuwa na ukubwa gani, bibi akaonyesha kwa ngumi, kisha akaifunga ile ngumi ikawa ndogo zaidi, akacheka. Wakaendelea na namna ya kuhifadhi mbegu, bibi akieleza jinsi walivyovitandaza viazi gizani juu ya dari, na kijana akawa anasikiliza kwa makini. Wanangu walisimama pale kimya. Walikuwa hawajawahi kumwona bibi yao akizungumza na msomi na wote wawili wakiwa na la kujifunza. Tangu siku ile wanamwuliza mambo ya shamba wenyewe.

Najua utasema mama yako ni wa Lindi, viazi si vyake. Kanda yetu kwenye maonesho ina mikoa saba: Mbeya, Songwe, Rukwa, Katavi, Iringa, Njombe na Ruvuma. Mtafutie banda la Ruvuma, uulizie bidhaa za Tunduru, maana Tunduru wanalima korosho. Mama aliyekulia kwenye mikorosho akikuta korosho huku kwenye baridi hutamtoa pale upesi. Atawaambia wajukuu kuhusu kuokota, kuhusu mabibo, kuhusu utomvu wa ganda unaobabua vidole. Wape nafasi hiyo.

Baada ya vipando nendeni mifugo. Ng'ombe wa maziwa, mbuzi, kondoo, sungura, samaki kwenye matangi. Ndama ukimnyooshea kiganja anakilamba, na ulimi wake unakwaruza kama msasa. Mtoto wangu wa mwisho alipiga kelele halafu akanyoosha mkono tena. Wakati wa kukamua ukifika msiondoke, watoto wengi wa mjini wanadhani maziwa ni kitu cha pakiti. Mabanda ya Magereza, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na VETA, wale wa mafunzo ya ufundi, ni mazuri kwa mtu anayependa kazi za mikono, na kwa mkeo kuna unga, asali na vyakula vya kusindika vya vikundi vya akina mama, bei ya kuelewana.

Kuhusu matumizi, mpangie kila mtoto kiasi chake tangu nyumbani, kisha ongezeni kitu kimoja cha familia nzima. Sisi hununua miche. Parachichi la kubebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, kwa hiyo mtoto wa darasa la pili atakula tunda lake kabla hajamaliza shule ya msingi. Angalizo: Agosti si mwezi wa kupanda huku kama huna maji ya uhakika. Mche ubaki kwenye kiriba, yaani mfuko wake wa udongo, kivulini, mumwagilie mpaka mvua za Novemba zishike, ndipo mpande. Kazi ya kumwagilia mpe mtoto.

Na mwambie mwanao jina la uwanja ni la nani. Mwakangale alikuwa mbunge wa TANU, na Nelson Mandela alipopita Mbeya mwaka 1962 akiwa safarini kutafuta msaada wa mapambano ya kwao, yeye ndiye aliyekuwa mwenyeji wake. Wanangu huwa wanatembea kwa heshima zaidi kidogo wakikumbushwa hilo.

Sasa Pasaka. Kwangu mimi hii ndiyo sikukuu ya huku hasa, na wageni wengi hawaijui kwa sababu wanalala. Wamoravian wamekuwa Rungwe tangu 1891, na utaratibu wao wa Pasaka ni ibada ya alfajiri makaburini. Mnaamka giza bado liko, mnakusanyika kanisani, mnatembea pamoja na nyimbo mpaka makaburini, tarumbeta zikiwa mbele. Kama hujawahi kusikia tarumbeta za Tukuyu kwenye ukungu wa saa kumi na moja, sauti inafika kabla hujawaona wapigaji. Mchungaji anasema Bwana amefufuka, watu wanaitikia kweli amefufuka, na kunapambazuka mkiwa mmesimama kati ya makaburi ya babu na bibi zenu. Watoto hawaogopi. Wangu wanajua kaburi la babu yao liko wapi, nani amelala pembeni yake, na walishaling'olea magugu siku mbili kabla, maana Ijumaa Kuu na Jumamosi ni siku za kufanya usafi pale. Kama ninyi si Wakristo au si wa dhehebu hilo, mkialikwa na jirani mtapokelewa vizuri tu, ukoo mmoja huku una watu wa kila namna. Ulizeni saa ya kuanza kwa jirani huyo, kwa sababu kila ushirika una saa yake.

Baada ya ibada ni chakula, na hapo mvua inalipa. Pasaka inaangukia Machi au Aprili, mahindi mabichi yapo, maboga yapo, maharage mabichi yapo. Mnachoma mahindi kwenye moshi wa jikoni huku nje kunanyesha, mnapika ndizi na nyama, wali wa Kyela kwa waliojaliwa, maziwa ya mgando. Kama mna mwenyeji kijijini, msiende mikono mitupu: sukari, chumvi, sabuni, majani ya chai. Amkieni vizuri wazee wa nyumba kabla ya kukaa, na mtoto apokee kwa mikono miwili. Hayo tu yanatosha kuwafungulia mlango mwaka mzima.

Iringa nitasema kwa kifupi. Msimu wa mvua ndio msimu wa ulanzi, na ukipita barabara kuu utauona unauzwa. Mwanzi mchanga unakatwa ncha, utomvu unakingwa. Ule wa siku hiyo ni mtamu, unaitwa mtogwa, ukikaa unachachuka kuwa mkangafu na unalewesha. Ni kinywaji cha watu wazima, watoto wanunulieni togwa. Mkifika Iringa pitieni Kalenga, kilomita chache kutoka mjini, kwenye makumbusho ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Fuvu lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mume wangu anasimulia vita vya Lugalo vya Agosti 1891 kana kwamba alikuwepo. Ukimpata mzee wa Kihehe wa kukusimulia, msalimie "Kamwene" kisha tulia usikilize.

Kitulo usikose, lakini ujue unachokiendea. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005 kwa ajili ya maua yake, baada ya okidi kuchimbwa kwa wingi, mizizi ikipelekwa Zambia kuliwa. Maua yanakuja na mvua, Novemba hadi Aprili, na matope pia yanakuja na mvua, huwezi kupata kimoja ukakwepa kingine. Njia ya Chimala kwenda Matamba ni ile ya kona hamsini na saba. Ni mlima mkali, kwa hiyo msipande na gari dogo siku mvua imenyesha, na mama kama ana shinikizo la damu au anatapika garini, ulizeni njia ya Isyonje, upande wa barabara ya Tukuyu. Juu kule ni zaidi ya mita 2,600, baridi hata mchana. Bebeni chai ya chupa, viazi vya kuchemsha na mayai, mtafute mahali mkae. Mpe kila mtoto rangi yake ya ua ya kutafuta, na wakatazwe kuchuma.

Kama mnapenda ngoma, Tukuyu limekuwa likifanyika tamasha la ngoma za asili linaloandaliwa na Tulia Trust, taasisi ya Tulia Ackson. Sikiliza matangazo ya redio za hapa ujue kama lipo na siku yake. Ing'oma ya Kinyakyusa uione kwa macho, hasa wazee wakiicheza.

Krismasi ya huku iko tofauti na ya Dar kwa sababu inaangukia katikati ya kupanda na kupalilia. Watu wanarudi vijijini kusherehekea, na wakifika wanakuta jembe limewasubiri. Usilikimbie. Tarehe 26 au 27 asubuhi ukoo mzima unaingia shambani, watu wazima wanapalilia, watoto wanarudishia mbegu pale ambapo hapakuota, saa nne uji unaletwa kwenye ndoo, na hadithi zote za mwaka zinasimuliwa mstari kwa mstari. Kama huna kijiji huku, mwombe jirani au mfanyakazi mwenzako mwende naye kwao siku moja. Huku hakuna atakayekukatalia mkono wa kupalilia. Na kama ndugu zako wa Dar wanataka kuja kula nanyi, waambie wakate tiketi mapema, maana wiki ya mwisho kabla ya Krismasi mabasi ya kuja Mbeya yanajaa, na waje na masweta.