Watoto, khanga na besiboli: ushauri kwa familia za Arizona kabla ya Machi

Kama unaishi Phoenix au vitongoji vyake na hujawahi kuwapeleka watoto kuangalia timu za besiboli zikijiandaa na msimu, mwakani usikubali ikupite. Najua wengi wetu tuliokulia Tanga, Bujumbura au Bukavu mchezo wenyewe hatuuelewi, na wala hautunyimi usingizi. Lakini watoto wanasoma na wenzao wanaouongelea, na pa kuanzia pazuri kuliko hapa sipajui.

Kila Februari, timu 15 za ligi kuu huja kupiga kambi huku kwetu, na nyingine 15 huenda Florida. Mwishoni mwa mwezi huo wanaanza mechi za kirafiki na kuendelea nazo hadi karibu na mwisho wa Machi. Ni kambi ya kabla ya ligi kama zile za Simba na Yanga, ila hapa wamejipanga kabisa kupokea watu na watoto wao. Viwanja ni 10, na vyote viko ndani ya eneo letu la Phoenix, kuanzia Surprise upande wa magharibi hadi Mesa mashariki. Matokeo hayaingii kwenye msimamo wa ligi. Mechi ikiisha sare, watu wanakunja mablanketi yao na kwenda zao.

Tiketi ya kununua ni ya nyasi. Karibu kila uwanja una mteremko wa majani nyuma ya uzio wa mbali, hauna viti, na kwa kawaida ndiko bei iko chini. Sisi tunatandika khanga mbili, watoto wanajiviringisha, mdogo akichoka analala hapo hapo. Kwenye kiti, mtoto wa miaka minne atakusumbua kabla kipindi cha pili hakijaisha, na besiboli ina vipindi tisa. Ubaya wa nyasi ni mmoja: kivuli hakuna, na mechi nyingi huanza saa saba mchana. Mwezi wa tatu joto hapa ni nyuzi 25 hivi, siku nyingine hufika 30, lakini jua la jangwani linachoma kuliko namba inavyosema. Pakeni mafuta ya kukinga jua. Ndiyo, na sisi weusi tunaungua, tusidanganyane. Ukienda na bibi au mama mjamzito, wakatie viti vya safu za juu nyuma ya mpigaji, upande wa kituo cha tatu (wanaita third base), maana kwenye viwanja vingi ndiko kivuli kinakowahi. Mechi za jioni nazo zipo, ila beba masweta. Jua likizama, baridi inaingia ghafla.

Chakula kinauzwa, kwa bei ya kukufanya ufunge. Viwanja vingi vinaruhusu chupa ya maji ambayo haijafunguliwa, na baadhi vinaruhusu chakula cha nyumbani kikiwa kwenye mfuko unaoonyesha kilichomo. Soma masharti ya uwanja wenyewe kabla ya kukaanga maandazi.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui: utamu uko kabla ya mechi. Nyuma ya viwanja vikubwa kuna viwanja vidogo vya mazoezi, na baadhi ya kambi huruhusu watu kuingia asubuhi bila malipo. Unasimama kwenye uzio, hatua chache kutoka kwa mrushaji anayepasha mkono. Kwenye televisheni huwezi kuelewa mpira wa kilomita 150 kwa saa ni kitu gani. Pale unausikia: unavuma, halafu paa! ndani ya glavu ya mdakaji, na huyo mdakaji hata hajashtuka, anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda. Mwanangu wa kwanza alinishika mkono kwa nguvu. Tangu siku ile hajaniuliza tena kwa nini wapigaji wanakosa mpira.

Anayetaka sahihi ya mchezaji awahi geti linapofunguliwa, asimame kwenye ukuta mfupi wa pembeni akiwa na kalamu yake na mpira au kofia. Mwambie mtoto aombe kwa adabu, tena mwenyewe. Mzazi akipiga kelele, wachezaji wanapita wakiangalia chini. Mastaa mwanzoni mwa mechi hizi hucheza vipindi viwili vitatu na kupumzika, na timu ikiwa ugenini wengi wao hawasafiri kabisa. Baada ya hapo wanaingia vijana wa ligi za chini wenye namba za 80 na 90 mgongoni, mara nyingi bila hata jina. Watu wengi huondoka. Mimi ndipo ninapokaa vizuri. Kambini kila timu inaingiza wachezaji zaidi ya 50, msimu ukianza kikosi ni 26 tu, kwa hiyo kila kijana pale anatafuta kazi. Mpira tulio nao nyumbani tulirushiwa na mmoja wa hao.

Watoto wakubwa watauliza kama kuna Waafrika. Waambie Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliingia ligi kuu mwaka 2017, wa kwanza kutoka barani kwetu, na watoto wa Lugazi, Uganda, walicheza mashindano ya dunia ya watoto huko Pennsylvania mwaka 2012. Na njiani mkirudi wasimulie kambi za Arizona zilivyoanza mwaka 1947. Bill Veeck, mmiliki wa timu ya Cleveland, aliihamishia kambi yake Tucson, na baadaye alieleza kuwa ubaguzi wa Florida ulikuwa moja ya sababu. Julai mwaka huo huo alimsajili Larry Doby, mweusi wa kwanza katika American League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, miezi michache baada ya Jackie Robinson, naye mweusi, kufungua mlango kwenye ile nyingine, National League. Lakini Doby alipofika Tucson mwaka 1948, hoteli ya timu ilimkataa, akalala kwa familia ya weusi wenzake. Wangu walinyamaza, kisha maswali yakaanza na hayakuisha hadi nyumbani.

Kuhusu siku, kimbieni wiki ya likizo ya shule katikati ya Machi kama mnaweza. Wageni wa Chicago na California wanajaa, bei zinapaa. Wikiendi ya kwanza ya mechi ni nafuu zaidi. Dodgers, timu ya Los Angeles, pale uwanja wa Camelback Ranch waacheni kwanza. Tangu staa wa Japani, Shohei Ohtani, ajiunge nao, foleni inaanzia barabarani. Kwa mara ya kwanza mimi ningekwenda uwanja wa Salt River Fields, kwenye ardhi ya Wahindi Wekundu wa Pima na Maricopa: nyasi ni pana na milima inaonekana vizuri. Tiketi ziwe kwenye simu, na simu iwe na chaji.