Anza na Coleman Hawkins

Umeuliza, kwa wapiga saksafoni wa jazi, umsikilize nani kabla ya Charlie Parker na John Coltrane. Coleman Hawkins, bila kusita. Alizaliwa Missouri, Marekani, mwaka 1904, enzi ambazo saksafoni ya tenori ilionekana chombo cha vichekesho jukwaani kuliko cha muziki wa maana. Alipiga miaka kumi hivi na bendi ya Fletcher Henderson jijini New York, akahamia Ulaya 1934, akarudi kwao 1939.

Oktoba mwaka huohuo akarekodi "Body and Soul". Hapo tulia kabisa. Wimbo wenyewe anaugusa mwanzoni tu, kisha anauacha, anajitungia yake papo hapo juu ya piano, pumzi nzito, akipanda taratibu mpaka mwisho. Dakika tatu tu, hakuna anayeimba, na bado watu waliinunua kwa wingi!

Ninachompendea zaidi ni hiki: vijana wa bibopu, mtindo mpya wa jazi, walipoibuka na wakongwe kadhaa wakawabeza, yeye mwaka 1944 aliwachukua wawili wao: alimwita mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie studio na kumpa mpiga piano Thelonious Monk kazi kwenye bendi yake. Alifariki 1969. Ukishaielewa "Body and Soul", tafuta rekodi yake nyingine, "Picasso", saksafoni peke yake mwanzo mwisho.