Kwa nini gemu za zamani zilikuwa ngumu hivyo?
Mkuu, umeuliza kwa nini gemu za zamani zilikuwa ngumu na hazikuhifadhi ulipofika. Kwanza ni hela: mashine za gemu za kwenye kumbi za michezo zilikula sarafu, ukifa upesi unatumbukiza nyingine. Ila kisa ninachokipenda mimi ni cha Space Invaders, gemu ya Japani ya 1978 ya kuwapiga risasi wavamizi wa angani. Wavamizi walikuwa 55, na prosesa, yaani ubongo wa mashine, ilielemewa kuwachora wote. Kila ukiwapunguza inapata nafuu, waliobaki wanazidi kukimbia. Mbunifu wake, Tomohiro Nishikado, akaona ndipo penye utamu, akauacha udhaifu huo ulivyo! Kuhifadhi nako kulitaka kumbukumbu isiyofutika ukizima mashine. Gemu ya The Legend of Zelda iliyouzwa Marekani 1987 ilikuwa na betri ndogo ya kuilinda kumbukumbu hiyo ndani ya kaseti yake. Betri ikifa, safari yako yote imekwenda na maji.