Mguu unaburuza baada ya upasuaji wa ukeni: kagueni kwanza mlivyomlaza

Nimjibu muuguzi wa Kongwa. Mama kapasuliwa kupitia ukeni kwa muda wa saa tatu hivi, kalala chali miguu imepandishwa kwenye nguzo za kitanda; kesho yake wayo wa kulia hauinuki, na ndugu wanalaumu sindano ya ganzi ya mgongo.

Ganzi ya mgongo kwa kawaida hushika miguu yote miwili, na huisha baada ya saa chache. Wayo mmoja usioinuka, tena wenye ganzi juu yake na upande wa nje wa muundi, mara nyingi ni neva iliyobanwa chini kidogo ya goti, upande wa nje. Neva hiyo inazunguka kichwa cha fibula, ule mfupa mwembamba wa nje wa muundi, na pale hakuna nyama ya kuikinga. Nguzo ya chuma ya kushikilia mguu ikigusa hapo bila sponji, kazi imeharibika, na aliyelala hana habari. Wembamba ndio huumia zaidi, na kila saa inayoongezeka huongeza hatari. Kama hamna sponji, kunjeni shuka nene.

Miguu ipandishwe na watu wawili, yote kwa pamoja, na ishushwe hivyohivyo. Nyonga ikunjwe nyuzi 80 hadi 100, mapaja yaachane nyuzi 30 hadi 45. Ukizidisha kukunja, neva ya paja inabanwa kwenye kinena, na hapo goti ndilo linaloishiwa nguvu. Makalio yafike ukingoni mwa kitanda, yasining'inie. Vidole vya mikono viangaliwe kabla ya kurudisha kipande cha chini cha kitanda. Vimewahi kusagwa humo. Miguu ishushwe taratibu, maana damu inarudi miguuni na presha inaweza kuporomoka, hasa chini ya ganzi ya mgongo. Mwambieni mtu wa usingizi kabla, si baada.

Kigimbi kikiwa kigumu na maumivu makali kuliko mlivyotarajia, hasa baada ya upasuaji wa zaidi ya saa nne, mwiteni daktari wa upasuaji saa hiyohiyo. Miguu yote ikilegea, mgongo ukiuma na mkojo ukigoma, apelekwe hospitali ya rufaa Dodoma bila kusubiri asubuhi.

Kwa wa fistula ya uzazi, yaani tundu linalovujisha mkojo au kinyesi ukeni, kuna la ziada: uchungu wa kuzaa wa muda mrefu wenyewe huangusha wayo. Mpimeni kabla ya ganzi, muandike kwenye faili. La sivyo mtabeba lawama isiyo yenu.

Huyo wenu mfungieni banzi wayo ukae nyuzi 90, aanze mazoezi ya viungo. Neva iliyobanwa tu kwa kawaida hurudi, ila huchukua wiki hadi miezi.