Nguo nyepesi za hija ya miguu hadi Namugongo: ipime ikiwa mbichi

SWALI

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo mama. Mimi ni msichana wa miaka 27, naishi Bukoba. Mwishoni mwa Mei nitaungana na wanajumuiya wenzangu kutembea kwa miguu kutoka Mutukula mpakani hadi Namugongo, mahali pa hija ya Mashahidi wa Uganda karibu na Kampala, ili tuwahi Misa ya tarehe 3 Juni. Tumepanga siku tisa, na sijawahi kutembea safari ndefu namna hiyo. Nimejaribu kufunga begi likafika kilo 9, na nguo peke yake ni kilo 5: fulana tano za pamba, suruali ya jinzi, sketi mbili za kitenge, sweta, koti zito la mvua, kanga doti moja na gauni la Misa. Mimi mwenyewe nina kilo 62. Mama mzazi anasisitiza nichukue pamba tupu kwa kuwa inanyonya jasho. Mwenzangu aliyekwenda mwaka jana anasema nichukue polista. Nani yuko sahihi, na nipunguze nini bila kukosa nguo za heshima?

JIBU

Milele na milele amina, na marahaba binti yangu. Mama yako na mwenzako wote wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia saa yake ya siku: polista ni ya mchana ukiwa barabarani, na pamba ni ya usiku ukiwa umekwisha kuoga. Nitaeleza sababu, kwa maana ukiielewa utaweza kuchagua mwenyewe sokoni bila kumtegemea muuzaji.

Mizani yako ilipima nguo zikiwa kavu. Mwishoni mwa Mei masika huwa hayajaisha vizuri upande wa Kagera wala upande wa Masaka, kwa hiyo utavaa na kubeba nguo zenye jasho, zenye mvua, au zilizofuliwa jana usiku zikakosa jua. Uzito unaokuhusu ni huo wa nguo mbichi, na hapo ndipo vitambaa vinapoachana sana. Unyuzi wa pamba huyaingiza maji ndani yake wenyewe. Katika hewa ya nyuzijoto 20 yenye unyevu wa asilimia 65, pamba tunayoiona kavu huwa tayari imebeba maji yanayofikia karibu asilimia 8 ya uzito wake. Nailoni hubeba karibu asilimia 4, na polista haifikii hata asilimia 1. Fulana ya pamba ya gramu 160 ikilowa na kukamuliwa kwa mikono, mara nyingi hubaki na maji yanayokaribia uzito wake mwenyewe, na katika hewa nzito ya kandokando ya Ziwa Viktoria inaweza kulala kambani usiku kucha ikaamka bado mbichi. Maji ya polista hukaa katikati ya nyuzi, hayaingii ndani yake, kwa hiyo mengi hutoka unapokamua na yanayobaki huondolewa na upepo au na joto la mwili wako.

Kuhusu kunyonya jasho, ni kweli kwamba pamba hulinyonya, na kwa mtu anayekwenda sokoni na kurudi hiyo ni raha. Lakini jasho hupoza mwili pale linapogeuka mvuke. Likishikwa ndani ya kitambaa kinene kilichobanwa na begi mgongoni kwa saa nane, halipati nafasi ya kukauka. Linakuwa mzigo, na mnapopumzika jioni upepo ukianza kuvuma linakuwa baridi. Juu ya hayo, ngozi iliyolowa hukwaruzika upesi kuliko ngozi kavu, na chumvi ya jasho inapoganda kwenye kitambaa hufanya kazi kama msasa. Mahujaji wengi wa mara ya kwanza huogopa kuchoka. Kwa miaka ambayo nimewashonea na kuwashauri watembeao masafa, wapagazi na waongozaji wa hapa Moshi wakiwamo, nimeona kwamba wanaoteseka zaidi ni wenye michubuko ya mapaja, kwapa na mabega, na nyingi ya hiyo ingezuilika mezani kwa fundi.

Ndiyo maana naomba uanze na sehemu ya chini ya mwili. Jinzi iache nyumbani bila majadiliano. Kavu inaweza kufikia gramu 700, ikilowa haikauki kwa siku mbili, na mshono wake wa ndani ya mapaja ni mnene kama kamba. Sketi za kitenge nazo ni nzuri kwa Misa, lakini kitenge kikilowa hunata miguuni na kufupisha hatua. Tafuta sketi moja pana ya polista au nailoni nyembamba, inayofika katikati ya shavu la mguu, chini ya goti, yenye mpira kiunoni na mifuko, isiyozidi gramu 250. Ndani yake vaa taiti inayofika karibu na goti, yenye nyuzi za kuvutika, ili paja lisuguane na kitambaa na lisisuguane na paja lenzake. Beba taiti mbili, uvae moja huku nyingine ikikauka. Hiyo ni heshima kamili kwa kijiji chochote mtakachopita, na hutalazimika kubadilisha nguo mnapoalikwa kusali kanisani njiani.

Kabla ya kuinunua taiti, igeuze ndani nje na upitishe kidole juu ya mishono. Mshono bapa hausikiki. Mshono wa ovaloki wenye ukingo uliosimama utausikia kidoleni, na baada ya kilomita 20 utausikia vizuri zaidi pajani. Kama mishono minne inakutana katikati ya kinena, mpelekee fundi aifumue sehemu hiyo na kuweka kipande cha kitambaa chenye umbo la almasi, ili makutano yasogee kutoka pale panaposuguana. Ni kazi ya nusu saa, wala si ghali. Chupi ziwe za nyuzi nyembamba zisizo na lastiki ngumu kwenye paja, na sidiria isiwe na waya wala vifungo vitakavyokaa chini ya mikanda ya begi. Haya ni mambo ambayo mabinti huona haya kuyauliza, nami nayaandika wazi kwa sababu nimeona watu wakipanda basi siku ya tatu kwa ajili yake.

Juu, fulana mbili zinatosha: moja mwilini, moja kambani. Chagua za polista nyembamba kama za michezo, zenye mikono mirefu na zisizobana. Najua mikono mirefu inasikika kama joto, lakini fikiria tambarare ya kinamasi ya Lwera, kati ya Lukaya na Kayabwe, ambako barabara imenyooka na kivuli ni haba, kisha hapo Kayabwe mnavuka mstari wa ikweta. Kitambaa chepesi kilichotulia juu ya mkono hukinga jua vizuri, na jioni hukinga mbu. Rangi iwe ya wastani, kama kijivu, kijani au buluu ya mwanga. Nyeupe itachukua udongo mwekundu siku ya kwanza, na nyeusi itakusanya joto. Mkianza safari alfajiri kabla ya kupambazuka, kama vikundi vingi vinavyofanya, kila mmoja avae kizibao cha reflekta kama cha bodaboda. Ni chepesi sana, na barabara ya Masaka ina malori mengi.

Polista ina kasoro mbili ambazo lazima uzijue. Hushika harufu upesi, kwa hiyo inahitaji sabuni kila jioni, hata kama umechoka. Na ikiguswa na moto haiungui kama pamba, huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Basi kaeni mbali na majiko ya mkaa, na kama mtafanya ibada ya usiku yenye mishumaa, jifunike kanga ya pamba juu ya fulana.

Nguo hizi hutazipata dukani kwa bei nafuu kama utakavyozipata kwenye mitumba. Soma lebo iliyoshonwa ubavuni: "polyester" ni polista, "cotton" ni pamba, "wool" ni sufu, "nylon" ni nailoni, na "elastane" au "spandex" ni nyuzi za kuvutika. Ukiona "viscose" au "rayon", iache hata kama inateleza vizuri mkononi, maana hunywa maji kuliko pamba na hupoteza nguvu ikilowa. Lebo ikiwa imekatwa, nunua kwanza, kisha nyumbani chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, ushike kwa kibano na uuchome juu ya sahani ya udongo. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi na kuacha jivu laini. Polista hujikunja, huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Sufu hunuka nywele zilizoungua na huzimika yenyewe. Ukibahatika kupata fulana nyembamba ya sufu laini, inunue, kwani haishiki harufu upesi na huendelea kutia joto hata ikiwa na unyevu.

Kwa usiku, mama yako ameshinda. Chukua fulana moja tu ya pamba kwa ajili ya kulalia, isiyovaliwa barabarani hata kidogo, na doti ya kanga uliyonayo. Kanga ni pamba, lakini ni nyembamba mno kiasi kwamba hukauka haraka, na kipande kimoja chenye takriban gramu 200 kitakuwa taulo, shuka, pazia la kuogea na ushungi. Kitakusaidia pia kukausha nguo: tandaza kanga kavu, laza fulana uliyokwisha kuikamua juu yake, viringisha pamoja kama mkeka, kisha kanyaga kwa miguu kuanzia ncha moja hadi nyingine. Utashangaa kiasi cha maji kitakachohamia kwenye kanga. Fulana ikiamka na unyevu kidogo, ivae hivyo hivyo, maana joto la mwili wako litamaliza kuikausha ndani ya saa moja. Soksi mbichi zining'inize nje ya begi kwa pini.

Sweta badilisha kwa flisi (sweta jepesi la polista lenye manyoya laini) nyembamba ya mitumba, karibu gramu 280. Koti zito la mvua hukinga maji ya nje lakini huzuia mvuke wa ndani, na unaishia kulowa kwa jasho. Poncho nyepesi iliyo wazi pembeni, inayofunika pia begi, inafaa zaidi kwa joto la huko. Hata hivyo usiiamini peke yake. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini mwaka 2019 watu wengi hawana tena cha kufungia nguo, kwa hiyo nunua karatasi ya nailoni inayouzwa kwa mita, ufunike nayo nguo za kulalia na flisi ndani ya begi. Kila kitu kingine kinaweza kulowa, ila hivyo viwili visilowe.

Miguuni nitakuwa mfupi, kwa kuwa viatu si swali lako. Soksi jozi tatu zisizo za pamba, raba ulizokwisha kuzitembelea zenye nafasi ya nusu namba mbele ya kidole gumba kwa ajili ya uvimbe wa mchana, na kandambili za jioni ili miguu ipate hewa.

Sasa tuhesabu. Ukiondoa utakavyokuwa umevaa, ndani ya begi kutabaki fulana ya akiba gramu 130, taiti 120, soksi jozi mbili 120, chupi mbili na sidiria moja 150, fulana ya kulalia 160, kanga mbili 400, flisi 280, poncho 300 na kandambili 250. Hizo ni gramu 1,910, chini ya kilo 2 badala ya 5, na begi lako la kilo 9 litashuka hadi karibu kilo 6, ambazo kwa mtu wa kilo 62 ni takriban sehemu ya kumi ya uzito wake. Hapo ndipo ninapopenda mtembeaji wa mara ya kwanza awe, tena maji ya kunywa hayajawekwa.

Usiniamini kwa maneno matupu. Wiki tatu kabla ya safari, vaa kila kitu, beba begi lenye uzito kamili, utembee kilomita 15 na uvae hivyo hata mvua ikinyesha. Ukirudi, kagua ngozi mbele ya kioo na utie alama kwa chaki kwenye kila mshono ulioacha wekundu, umpelekee fundi. Kisha fua nguo zote saa moja jioni, zikamue, zipime, zianike chini ya paa, uzipime tena saa kumi na moja alfajiri. Yoyote ambayo bado ni nzito kwa zaidi ya robo ya uzito wake mkavu, tafuta mbadala wake.

Lile gauni la Misa, nafahamu linavyokugusa, na ni haki yako kusimama Namugongo siku hiyo ukiwa umependeza. Ulizia parokiani ni nani anayesafiri kwa basi kuja kwenye Misa, umkabidhi gauni likiwa limepigwa pasi, na mkubaliane mahali pa kukutana asubuhi ya tarehe 3, mbali kidogo na lango, kwa sababu umati unakuwa mkubwa na simu husumbua. Kama hapatikani mtu, kanga yako moja, iliyofuliwa usiku wa tarehe 2 na kufungwa vizuri juu ya ile sketi, itakutosha.