Kurudi kwenye baiskeli baada ya dawa za TB: jibu kwa aliyeishiwa pumzi kilomita ya 20

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umemaliza miezi 6 ya dawa za TB mwezi uliopita, makohozi yametoka safi, daktari amekuruhusu kufanya mazoezi. Juzi ukatoka na baiskeli, ilipofika kilomita ya 20 ukashuka ukakaa kwenye jiwe pembeni ya barabara, unahema. Sasa unauliza kama mapafu ndiyo yamekwisha, na kama uuze baiskeli.

Usiuze. Mwaka 2022 mimi nilikaa kwenye jiwe kama hilo, na leo naendesha. Nitakueleza nilivyopita, pamoja na kosa lililonirudisha nyuma karibu miezi 2.

Mimi ni fundi umeme, naishi Arusha, wakati ule nilikuwa na miaka 39. Baiskeli yangu ni ya mashindano, ya mtumba, na kila Jumamosi saa 12 asubuhi tulikuwa tunakutana watu wanane, siku nyingine hadi kumi na wawili, pale Kijenge, tunashuka na barabara ya Moshi. Mwishoni mwa 2021 nikaanza kupungua. Kutoka kilo 68 nikafika 64, na nikafurahi, kwa sababu kila anayependa baiskeli anajua ukipungua uzito mlima unakuwa mfupi. Kikohozi nikakisingizia vumbi. Jasho la usiku nikalisingizia blanketi. Duka moja la dawa lilinibadilishia antibayotiki kwa wiki 5 bila mtu kuniuliza nimekohoa kwa muda gani. Nafika hospitali Februari 2022, nina kilo 57. Makohozi yakapimwa kwa GeneXpert, mashine ya kutambua TB, majibu yakatoka siku ileile: ninayo.

Matibabu unayajua, umeyapitia: miezi 2 ya dawa nne kwa pamoja, kisha miezi 4 ya dawa mbili, asubuhi kabla ya kula, mkojo rangi ya chungwa. Pirazinamaidi, moja ya zile nne, iliniuma magoti na vifundo vya miguu mpaka nikadhani nimepata ugonjwa mwingine. Ilipokoma mwisho wa mwezi wa pili, maumivu yakaondoka ndani ya wiki chache. Nalitaja hili kwa wengine wanaosoma ambao bado wako kwenye dawa: maumivu ya viungo kipindi kile hayamaanishi magoti yako hayafai tena kwa baiskeli. Mwambieni mhudumu wa kliniki, msijinunulie dawa za maumivu kiholela, maana ini tayari lina mzigo mkubwa.

Jambo jingine nalisema kwa uchungu. Wenzangu wa Jumamosi niliwadanganya kwamba niko safari ya kikazi. Niliona aibu. Nikawaambia ukweli mwezi wa tatu wa dawa, wakati wawili kati yao tulikuwa tukipanda gari moja kwenda kazini vioo vimefungwa, wiki nyingi, mimi nikikohoa. Nyumbani walishapimwa wote, na mwanangu wa mwisho, aliyekuwa na miaka 3, akaanzishiwa dawa za kinga. Lakini wale wawili niliwaacha gizani. Walipimwa, hawakuwa nayo, namshukuru Mungu. Kama hujawaambia unaoendesha nao, waambie leo. Wewe huambukizi tena, lakini wao wana haki ya kujua kipindi ulichokuwa unaambukiza.

Sasa mapafu. Nilipomaliza dawa Agosti, nilipelekwa kupuliza kwenye mashine ya kupima pumzi, nikaambiwa natoa asilimia 71 ya kinachotarajiwa kwa mtu wa umri na urefu wangu. Picha ya eksirei ikaonyesha kovu juu kulia. Nikaona habari yangu imekwisha. Daktari akanibana kidole kwa kile kibanio cha kupima oksijeni, ikasoma asilimia 96. Akaniambia nipande ngazi hadi ghorofa ya pili na kushuka, taratibu, bila kusimama. Nilirudi nahema kama nimetoka kukimbizwa, mapigo 148. Akapima tena oksijeni: 95.

Akanieleza kitu ambacho ningependa ukielewe kabla ya vingine vyote. Mapafu yangu, pamoja na kovu lake, yalikuwa yanaingiza hewa ya kutosha kwa kazi ile. Kilichokuwa kimekwisha ni miguu. Kilo 11 zilizoondoka hazikuwa mafuta tu. Mwili ukiwa na homa kila jioni kwa miezi unakula misuli, na mapaja ndiyo ghala kubwa. Msuli uliokonda huchoka haraka, uchafu wa kazi unajaa kwenye damu mapema, na mwili unakuamuru uheme ili kuutoa. Wewe unasikia kifua, unalaumu kifua, kumbe kilio kinaanzia mapajani. Mapafu huwezi kuyatunisha kwa mazoezi, lakini mapaja yanajengeka.

Siwezi kujua kwako mzigo uko wapi zaidi. Ndiyo maana nakuomba, kabla ya kitu kingine, uombe vipimo hivyo viwili, cha kupuliza na cha oksijeni ukiwa umetoka kujituma. Kama oksijeni inashuka sana ukipanda ngazi, basi safari yako ni tofauti na yangu na uongozwe na daktari hatua kwa hatua.

Kosa langu ni hili. Wiki ya tatu tangu nimalize dawa niliungana na kundi la Jumamosi. Wanaoijua barabara ile wanajua mtego wake: Arusha mjini uko kwenye mita 1,400 hivi, njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, iko chini ya mita 1,000. Kwenda ni mteremko, unajiona umepona. Tulifika njia panda nikiwa katikati ya kundi, nimejikinga upepo nyuma ya wenzangu, nacheka. Kurudi, tulipofika Kikatiti nikaachwa. Nikakaza kuwafukuza, kwa sababu kichwani nilikuwa bado yule wa 2021 ambaye sehemu ile alikuwa anavuta wenzake. Mbele kidogo, pale Maji ya Chai, nikashuka. Nilikaa kwenye jiwe nusu saa, mikono inatetemeka, kisha nikapandisha baiskeli juu ya Hiace. Siku mbili baadaye nikapata homa na kikohozi, na usiku ule sikulala, nikijua TB imerudi. Makohozi yakapimwa upya: safi. Yalikuwa maambukizi ya kawaida ya kifua, yamemkuta mtu aliyejichosha kupita kiasi. Lakini wiki 7 zikaenda bila kukanyaga pedeli.

Baada ya hapo nikaanza upya, safari hii kwa saa ya mkononi. Kilomita nikaacha kuziangalia. Kifaa cha kwenye usukani nikakiweka kabatini, maana kila nikiona kasi nilikuwa nailinganisha na ya zamani. Wiki 2 za kwanza ni kutembea tu, dakika 20, siku moja natembea siku moja napumzika, na kila jioni kuchuchumaa na kusimama nikishika kiti, mara 8, napumzika, tena mara 8. Hizo za kuchuchumaa watu wanazidharau. Kwangu ndizo zilizorudisha mlima.

Wiki ya tatu nikapanda baiskeli, dakika 15, tambarare. Kipimo cha ukali wa zoezi kilikuwa mdomo wangu: kama siwezi kusema sentensi nzima bila kuikata kuvuta pumzi, napunguza hapohapo. Nilikuwa naendesha nikisema kwa sauti majina ya vituo vya daladala. Kila wiki naongeza dakika 5, na kila wiki ya nne naongeza sifuri, nashusha hadi nusu. Sikuongeza kasi hata kidogo mpaka nilipofika dakika 60 bila kuchoka kesho yake. Ilichukua karibu miezi 3. Najua ni muda mrefu kwa mtu aliyekwisha kaa nje miezi 6, nilikuwa nalia moyoni nikiwaona wenzangu wanapita. Lakini sikurudi nyuma hata mara moja.

Asubuhi kabla ya kutoka kitandani pima mapigo kwa dakika nzima, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono. Kabla ya kuumwa yangu yalikuwa 58. Nilipomaliza dawa yalikuwa 84. Yakashuka polepole sana, 80, 76, 71. Siku yanapokutwa juu ya kawaida ya wiki hiyo kwa 8 au 10, sikutoka, hata kama nilijisikia vizuri. Mara tatu mwili ulikuwa unajiandaa kuumwa mafua na mapigo yaliniambia siku moja kabla.

Kuhusu njia: chagua inayopanda kwanza. Mimi niliachana na barabara ya Moshi nikawa naelekea Ngaramtoni, barabara ya Namanga. Unapanda ukiwa na nguvu, ukichoka unageuza na mteremko unakurudisha nyumbani. Mwenye mapafu yanayopona asianze na mteremko hata kama barabara inamvutia. Na kwenye giya za nyuma nilimwambia fundi aniwekee gurudumu lenye meno 34 badala ya 28. Wenzangu walishangaa. Nikawa napanda nimekaa, miguu inazunguka haraka bila kukandamiza, pumzi inatulia. Sijairudisha ile ya 28 mpaka leo.

Kupumua penyewe nilifundishwa na mhudumu wa mazoezi ya viungo: vuta kwa pua, toa kwa midomo iliyobanwa kama unapuliza chai ya moto, na kutoa kuwe kurefu mara mbili ya kuvuta. Ukishikwa na kuhema mlimani, fanya hivyo mara tano kabla ya kuamua kushuka.

Vumbi na moshi wa malori ni adui wa kovu. Tokeni mapema kabla malori hayajajaa, na barabara za vumbi ziacheni kwa mwaka wa kwanza. Baridi ya Juni na Julai ya huku kwetu ilinikamata kifua kila nilipotoka saa 12, nikahamia saa 3 asubuhi miezi ile, nikafunga kitambaa chembamba mdomoni.

Chakula sitakupa jedwali. Nilikula mara tano kwa siku: uji wa lishe wenye karanga, mayai mawili, maharage au dagaa kila siku bila kukosa, maziwa ya mgando jioni, na parachichi ambalo huku kwetu ni rahisi kupata. Kilo zilirudi kwa mwendo wa moja kwa mwezi. Hapa nawasihi wote wanaopanda milima kwa baiskeli: msifurahie wepesi wa ugonjwa. Nilipofika kilo 62 nilipanda vizuri kuliko nilivyokuwa na 58, kwa sababu zile nne zilikuwa miguu.

Kuna mdau kwenye mjadala huu amemtaja Chris Froome, bingwa wa mbio za baiskeli, kama mfano wa aliyerudi baada ya kuugua, na ni kweli: kijana aliyezaliwa Nairobi na kukuzwa kibaiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, mwaka 2010 aligundulika ana kichocho, akatumia dawa zaidi ya mara moja, na mwaka 2013 akashinda Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, kisha tena 2015, 2016 na 2017. Inatia moyo, lakini kichocho chake hakikumwachia kovu la mapafu kama letu. Tuchukue kutoka kwake kwamba siku mbaya zisizoelezeka hutafutiwa kipimo. Kuzilazimisha kwa mazoezi zaidi hakumsaidii mtu.

Dalili za kukurudisha hospitali siku hiyohiyo: kukohoa damu, hata kidogo, kwa sababu kovu lenyewe linaweza kutoa damu bila TB kurudi, na huwezi kutofautisha ukiwa nyumbani. Kifua kuuma unapovuta pumzi. Macho kuwa ya njano. Na kikohozi cha wiki 2, jasho la usiku au uzito kushuka, hizo unazijua.

Mwaka mmoja baada ya kumaliza dawa nilipuliza tena ile mashine: asilimia 84. Kovu kwenye picha liko palepale. Desemba 2023 niliendesha hadi Moshi, nikalala, kesho yake nikarudi, kilomita 80 kila siku. Maji ya Chai sikusimama. Kasi ya 2021 sijaifikia, na sijui kama nitaifikia, ila Jumamosi niko na kundi tangu Kijenge hadi mwisho.

Kwa hiyo wewe, wiki hii usiguse baiskeli. Tembea dakika 20 kesho, pumzika keshokutwa. Pima mapigo asubuhi saba mfululizo, jipime uzito, uniandikie hapahapa pamoja na mwinuko wa barabara ulizonazo karibu, tupange wiki ya tatu.